Mnaowanunulia wafanyakazi buti, pimeni miguu yao kwanza

Ndugu Mhariri, mbukwenyi.

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji. Mimi ni fundi viatu. Nina miaka 58, na kwa miaka 31 nimekaa chini ya mwarobaini uleule jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, nikiwa na sanduku la mbao, kigoda, na chuma cha kupigia visigino alichoniachia mzee wa Kondoa aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Sina duka wala bango. Watu wananielekeza kwa mti.

Kilichonifanya nishike kalamu ni walinzi sita. Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla sijafungua hata sanduku, walikuja vijana sita wa kampuni moja ya ulinzi, sitaitaja, kila mmoja buti mkononi na kandambili miguuni. Buti zenyewe mpya, nyeusi, ngozi nzuri kabisa; niliinusa moja nikaitamani. Shida ni kwamba mnunuzi wa kampuni alichukua zote namba 43. Alisikia wanaume wengi wanavaa 42 au 43, akaona achukue kubwa, mwenye mguu mdogo atavaa soksi mbili na mwenye mguu mkubwa atavumilia. Kati ya sita, wawili ziliwaenea. Wawili zilikuwa zinapwaya, visigino vimechubuka hadi nyama nyekundu. Mmoja ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeshakuwa mweusi. Na wa sita, kijana mrefu wa Ntyuka, alikuwa amechukua kisu akazitoboa mbele pande zote mbili ili vidole vipumue. Buti ya Sh65,000 imegeuzwa katambuga ndani ya siku tisa.

Waliniuliza kama naweza kuzirefusha. Nikawaambia fundi anaweza kuipanua ngozi kidogo kwa upande, anaweza kuongeza soli ya ndani, anaweza kuhamisha tundu la kamba. Urefu hauguswi. Urefu uliamuliwa kiwandani siku ngozi ilipovutwa juu ya kalibu, yaani lile umbo la mguu linaloshonewa kiatu, na soli imeufunga kwa chini. Aliyetoboa nilimshonea viraka, lakini buti ya mlinzi yenye viraka puani inasikitisha kuitazama.

Zamani, kabla simu hazijafika vijijini, kila mtu alijua kumnunulia kiatu mtu asiyekuwepo. Mama aliyeko Mpwapwa anamsimamisha mwanawe sakafuni, anakata kijiti kuanzia kisigino hadi kidole kirefu, anaongezea upana wa kidole chake, anamkabidhi kondakta wa basi. Kondakta anakileta mjini. Sisi tunakiingiza kijiti ndani ya kiatu: kikigota na kupinda, rudisha, kikiteleza mbele na nyuma, rudisha. Nilikuwa navifunga vijiti kwa uzi na kuandika jina la kijiji kwa kalamu, navitundika kwenye msumari wa mwarobaini. Hakuna kiatu kilichorudi. Leo mtu ananitumia ujumbe: "Fundi nitafutie buti 42." Arobaini na mbili ya nani?

Maana namba za viatu si kipimo kimoja. Hizi za Ulaya, 40, 41, 42, zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Kutoka 42 hadi 43 ni milimita 7 hivi, basi. Za Kiingereza, 7, 8, 9, zinapanda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8 na nusu, kipimo cha zamani kilichotokana na punje ya shayiri. (Mambo haya yangeanzia Ugogoni, tungepima kwa punje za uwele, na namba zingekuwa ndefu kama za simu.) Wamarekani nao wanatumia tarakimu zinazofanana na za Waingereza, ila kwa viatu vya kiume wao wako mbele karibu namba moja: tisa ya Mmarekani ni kama nane ya Mwingereza. Sasa nenda Sabasaba kwenye mitumba uone buti mbili zimelala pamoja, zote zimeandikwa 9. Moja ni kama 42, nyingine kama 43. Halafu kuna buti zilizoshonwa kwa ajili ya majeshi ya Ulaya ambazo ndani zimeandikwa 270 au 275. Huo ni urefu wa mguu kwa milimita, na zikifuata tarakimu nyingine, kwa mfano 102 au 108, huo ni upana. Nimewahi kumwona kijana akiitupa buti ya 270 akisema hiyo ni ya jitu. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba pekee isiyodanganya, kwa sababu ni kijiti kilichoandikwa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaenda sokoni pima mguu wako mwenyewe. Weka karatasi sakafuni igusane na ukuta. Simama juu yake, kisigino kiguse ukuta, uzito wote kwenye mguu. Mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, na kalamu aisimamishe wima, asiiingize chini ya kidole. Wengine kidole kirefu ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa ni wachache sana niliowapima wakakuta inalingana, na ununue kwa kuufuata ule mkubwa. Kwenye urefu huo ongeza sentimita 1 hadi 1 na nusu, kisha kata kijiti cha urefu wote huo. Ukifika kwa muuza mitumba mwombe uitoe soli ya ndani, kama inatoka, uikanyage au uipime kwa kijiti chako. Atakucheka. Mwache acheke.

Na uende jioni. Watu wa Dodoma tuna tabia ya kuwahi sokoni saa mbili asubuhi kukiwa na ubaridi, na mguu nao bado umelala. Ikifika saa kumi mguu huohuo umebeba mwili siku nzima, umetanuka. Buti iliyokuenea asubuhi itakubana jioni, na mlinzi, dereva wa bodaboda au mwashi buti anaivua usiku. Nenda na soksi zilezile utakazovalia. Mtu anakuja kujaribu buti na soksi nyepesi ya kanisani, halafu akienda kazini anavaa ya kuchezea mpira, nzito kama blanketi.

Ukiivaa, usifunge kamba kwanza. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse mbele kabisa, kisha jaribu kupitisha kidole chako cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubanwa kidogo, urefu uko sawa. Vikipita viwili, ni kubwa. Kisipopita, vua, shukuru, rudisha. Baadaye gonga kisigino chini mguu urudi nyuma, funga kamba, tembea. Kisigino kikiinuka kidogo sana, kama unene wa kalamu, ni kawaida kwa buti mpya kwa sababu soli bado haijajifunza kukunjika. Kikipanda na kushuka kama mchi kwenye kinu, umeshayapata malengelenge kabla hujalipa. Wengi wanafikiri lengelenge linaletwa na kiatu kinachobana. Mimi ninaoletewa hapa mtini wengi ni wa kiatu kinachopwaya, kinachosugua kila hatua.

Kuna jambo moja ambalo hata wauzaji wengi hawalijui. Buti ina mahali pake pa kukunjika, na mguu una mahali pake, kwenye mzizi wa kidole gumba. Mahali hapo pawili lazima pakutane. Watu wawili wanaweza kuwa na urefu uleule wa mguu, mmoja ana vidole virefu na mwingine ana vidole vifupi na wayo mrefu, na buti moja ikamfaa huyu ikamtesa yule. Inua kisigino ukiwa umeivaa, tazama mkunjo umeangukia wapi. Ukiangukia juu ya vidole, ngozi itakuwa inakukata hapo maisha yake yote. Tazama na mistari ya matundu ya kamba: ikigusana juu ya mguu, buti ni pana kwako na haitakaa ikushike, ikiachana sana, mgongo wa mguu wako ni mnene kuliko buti. Pakiwa na ngazi karibu, shuka ngazi. Vidole visiguse mbele.

Muuzaji atakwambia, "Itaachia tu, bosi." Ni kweli nusu. Ngozi inaachia upana, hasa juu ya mgongo wa mguu na pembeni, baada ya wiki mbili tatu. Hata mimi nina kalibu za mbao. Nailowesha ngozi kwa ndani, naikaza usiku kucha, asubuhi mtu anapata nafasi kidogo. Urefu hauachii. Na zile buti za kazi zenye chuma puani, za mafundi ujenzi, pale penye chuma haziachii chochote, leo wala mwakani. Kama kidole kidogo kinagusa chuma dukani, kitagusa hadi siku utakayoitupa.

Babu yangu mzaa mama alipata buti zake za kwanza Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951. Alisimulia kwamba waligawiwa bila kupimwa, na yeye za kwake zilikuwa kubwa akawa anajaza vipande vya gunia mbele. Mpaka anazeeka alikuwa na sugu mbili kwenye visigino ngumu kama kwato. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunazigonga kwa vidole kuona kama zinalia. Nilipowatazama wale walinzi sita nilimkumbuka babu.

Nikae kidogo kwenye mitumba, kwa sababu ndiko wengi tunakonunua, hata mimi. Mwaka jana dereva mmoja wa bodaboda wa Nkuhungu aliniletea buti aliyoisifia njia nzima: haijavaliwa, soli haina hata mkwaruzo, ameipata kwa Sh30,000. Siku ya tatu soli ilianza kumomonyoka kama kashata. Akadhani amerogwa na mpinzani wake wa kijiweni. Hakuna uchawi. Soli nyingi nyepesi na laini zinamiminwa kwa poliurethani, na unyevu ulio hewani unaila poliurethani polepole hata buti ikiwa imelala stoo. Buti iliyokaa miaka mingi bila kuvaliwa inaweza kuwa hatari kuliko iliyovaliwa. Kwa hiyo ukiona mtumba wenye soli inayong'aa kama mpya, usishangilie. Ikunje, bonyeza kwa ukucha, tafuta mipasuko midogo kama nywele, shika uone kama inanata. Ikinata, iache. Soli ya mpira wa kawaida haina ugonjwa huu. Yule bodaboda nilimwekea soli za tairi, na ngozi ilikuwa nzima, anaivaa hadi leo. Ila alilipa mara mbili.

Ngozi bandia sitaizungumza sana. Tazama pale ilipokatwa, kwenye ukingo wa ulimi au ndani ya tundu la kamba. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana. Ile ya unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu inaonekana kama karatasi zilizobandikwa, na ikianza kubanduka hata mimi naikimbia. Makovu madogo kwenye ngozi yasikutishe. Ng'ombe wetu wanapita kwenye miiba, wanachapwa fimbo, wanapigwa chapa za moto mahali palipo bora kabisa pa ngozi, halafu tunashangaa kwa nini nchi yenye ng'ombe wengi hivi inavaa ngozi ya kutoka nje. Lakini hiyo ni barua nyingine.

Sasa utunzaji. Dodoma ina vumbi na ina ukavu, na vyote viwili ni adui wa ngozi. Kuanzia Mei hadi Novemba vumbi letu jekundu linaingia kwenye mikunjo ya buti na kila hatua linasaga kama msasa. Kila siku naona kosa lilelile: mtu anatoka kazini, anachukua kiwi anapaka juu ya vumbi, anasugua mpaka panang'aa. Kiwi juu ya vumbi ni tope. Toa kamba kwanza. Piga brashi kavu, hasa pembeni mwa soli na chini ya ulimi. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, uiache ikauke kivulini. Ndipo upake.

Na kiwi ni rangi na mng'ao. Haishibishi ngozi. Ngozi ya buti ilikuja na mafuta yake ndani, na hewa ya huku inayanyonya siku baada ya siku, mpaka siku moja unaona mstari mweupe kwenye mkunjo, na wiki inayofuata umekuwa ufa. Ufa wa ngozi haushoneki. Nitaufunika kwa rangi ukapendeza Jumapili moja, basi. Kwa hiyo anayevaa buti kila siku wakati wa kiangazi, kila baada ya wiki mbili au tatu aipake mafuta, kidogo, kwa vidole, aiache usiku, asubuhi apanguse yaliyobaki.

Mafuta gani? Hapa ndipo ugomvi ulipo. Watu wa huku tuna alizeti, kwa hiyo wanapaka alizeti. Ngozi inalainika siku hiyo, halafu mafuta yananata, yanavuta vumbi, yanachacha, na buti inanuka kama chungu kisichooshwa. Madereva wanapaka oili chafu ya injini. Hiyo nawasihi kabisa muiache: inalegeza gundi, inaozesha uzi, na ikipenya hadi kwenye mguu ina madhara kwa ngozi yako mwenyewe. Mimi natengeneza ya kwangu kama alivyonifundisha mzee wa Kondoa. Nta ya nyuki, naagiza kwa watu wa Manyoni, kijiko kimoja. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa vizuri, vijiko viwili. Naweka kwenye kopo, kopo naliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe maana yanashika moto, nakoroga hadi viwe kitu kimoja. Yakipoa yanaganda. Mwezi wa saba kwenye baridi yanakuwa magumu kama sabuni, inabidi uyasugue kiganjani kwanza. Yanaifanya ngozi ya kahawia ikolee, kwa hiyo jaribu kwenye ulimi kabla hujapaka buti nzima. Na buti ya manyoya, ile laini isiyong'aa, usiipake chochote cha mafuta; hiyo chakula chake ni brashi kavu.

Vijana wanaojenga kule Mtumba na Ihumwa wananiletea maradhi ya aina yake. Saruji mbichi ni kali, inaunguza ngozi ya mtu na ngozi ya buti vilevile. Wanaiacha ikauke juu ya buti wiki nzima kwa sababu "kesho itachafuka tena", na baada ya miezi mitatu buti ni kama gamba la mti. Osha siku hiyohiyo. Gonga, pangusa kwa maji, kisha kitambaa chenye maji yaliyotiwa kijiko cha siki kwa glasi moja, kwa sababu siki inaupunguza ule ukali wa saruji. Pangusa tena kwa maji matupu, kausha, paka mafuta. Ni kazi ya dakika kumi. Najua mtu amechoka, amepanda daladala kwa kusimama. Hata hivyo.

Masika yakija, Desemba hadi Aprili, kosa linakuwa jingine: mtu amelowana, anaiweka buti kando ya jiko la mkaa, au juu ya bati saa saba mchana. Ngozi iliyolowa ikipata moto inajikunja na kukauka kama ukoko, na gundi ya soli inaachia. Mnaletewa nyinyi wahariri lawama nyingi, basi leo pokeeni sifa: hakuna kikausho cha buti kizuri kama gazeti. Likunje, lijaze ndani hadi puani, badilisha likishalowa, weka buti kivulini penye upepo, soli ikiwa imeinuliwa kidogo. Inaweza kuchukua siku mbili. Nakala zenu za zamani nanunua kwa kilo, na naomba radhi kwa waandishi wa michezo, kurasa zao ndizo nyingi zaidi.

Mwenye uwezo awe na jozi mbili azipokezane, kwa sababu jasho la siku moja halikauki kwa usiku mmoja. Asiye na uwezo, kama hao walinzi wa zamu inayodumu saa kumi na mbili, atoe soli ya ndani kila akivua. Na fungueni kamba wakati wa kuvaa na kuvua. Mtu anakanyaga nyuma ya kisigino kuivua kwa haraka, anavunja ile ngozi ngumu ya nyuma, halafu analalamika buti inapwaya. Tumieni kijiko cha chakula kuteleza kisigino ndani. Mke wangu hapendi kusikia hili, ila kijiko changu nimekitenga.

Asubuhi kung'uta buti kabla ya kuvaa. Huku kwetu nge wanapenda buti kuliko mtu anavyozipenda.

Kuna jambo jingine nitalisema ingawa linaniumbua. Miaka kadhaa nyuma nilimwekea kisigino mzee mmoja mteja wangu, mwenye kisukari. Nilipiga misumari mitano. Mmoja ulipita soli ya ndani, ncha tu, kama punje ya mchele. Mtu mwingine angeruka kwa maumivu hatua ya kwanza tu. Yule mzee miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alitembea nao siku nne, akaja kugundua kwa damu kwenye soksi. Kidonda kilichukua miezi kupona, na alipopona alirudi kwangu na buti zilezile, akanisalimia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Fundi, safari hii tia mkono ndani kwanza." Tangu siku hiyo hakuna kiatu kinachotoka mtini kwangu bila mimi kuingiza mkono na kupapasa kila mahali. Nanyi wenye kisukari, au wenye wazazi wenye kisukari, fanyeni hivyo kila asubuhi, na jioni tazameni miguu yenyewe, hata chini ya wayo. Buti isiyokuenea wengine inawaletea sugu. Ninyi inaweza kuwaletea kidonda kisichosikika.

Nirudi kwa waajiri, maana barua hii ni yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kampuni ya wale vijana itasema imetoa. Imetoa kweli, na risiti ipo. Lakini mlinzi aliyevaa kandambili langoni kwa sababu buti zimemchubua hajapewa kifaa cha kujikinga. Amepewa mzigo wa kubeba mkononi. Sisemi mtumie pesa zaidi. Buti ni zilezile, bei ileile. Ninachoomba ni karatasi, kalamu na ukuta, dakika mbili kwa kila mtu, jioni wakati wa kubadilishana zamu, halafu orodha ya sentimita iende kwa mwenye duka badala ya neno "zote 43". Na kabla ya kulipa, mwenye duka akubali kwa maandishi kubadilisha zisizoenea zikiwa bado safi.

Wale vijana sita niliwapima wote siku ileile, bure, kwenye ukuta wa kibanda cha jirani yangu muuza mkaa, ambaye bado ananidai maelezo kuhusu alama za kalamu. Miguu yao ilianzia sentimita 25 hadi 29. Nimewakatia vijiti, nimevifunga kwa uzi, na nimeandika juu ya kila kimoja zamu ya mwenyewe. Vimetundikwa kwenye msumari wa zamani. Mnunuzi wa kampuni hiyo akisoma hapa atajijua, na sihitaji ajitambulishe. Aje tu avichukue, nipo hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumapili. Kijiti cha kijana wa Ntyuka ndicho kirefu kuliko vyote.

Fundi Viatu,
Chini ya mwarobaini, Majengo,
Dodoma